Kazi Inayofichwa Ukutani

Asubuhi ile, kabla jua halijafika dirishani, Karani alikuwa ameshafagia ua na kubandika birika la chai, na sasa anapambana na ovaroli ya mama yake. Ovaroli ile ya buluu ilikuwa nzito na kaidi. Ukikunja mguu, mkono unachomoka. Mwishowe aliibana kwa goti, akaitia kwenye mfuko pamoja na spana ya bomba na bahasha ngumu yenye vyeti.

"Mama, mzigo wako uko tayari."

"Asante mwanangu. Umetia nakala ngapi za cheti?"

"Nne."

"Zinatosha. Leo nina milango minne ya kubisha," Mama alisema, akamaliza chai yake akiwa amesimama, akatoka.

Karani halikuwa jina lake halisi. Jina halisi lilikuwa kwenye rejista ya shule tu. Darasani na mtaani wote walimwita Karani kwa sababu mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama uliopigiwa rula. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, lakini watu wazima walimletea barua zao awaandikie: maombi ya ruhusa, matangazo ya vyumba vya kupanga, hata barua moja ya posa ambayo, kwa maneno ya Bibi aliyeishi nao, "ilijibiwa haraka kuliko alivyostahili mwenyewe."

Mama yake alikuwa mfagizi wa ofisi kwa miaka kumi na mmoja. Ofisi zile zilipofungwa, alikaa nyumbani wiki mbili tu, wiki ya tatu akaenda kujiandikisha chuo cha ufundi kusomea mabomba ya maji. Baba, ambaye alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu na nyumbani alionekana mara moja kwa mwezi, alisema kwa simu, "Kama umeamua, kaza buti." Majirani hawakuwa na maneno mafupi hivyo. Walicheka mpaka wakachoka.

"Mwanamke na spana wapi na wapi?" jirani mmoja aliuliza.

"Maji hayamuulizi aliyefunga koki kama ni mke au mume," Bibi alimjibu kutoka kibarazani. "Yanauliza tu kama amekaza."

Mama alisoma mwaka mzima. Alijifunza kukata bomba, kuchonga nyuzi za kufungia kwenye ncha zake, kuunganisha, kupima. Alihitimu akiwa wa tatu katika darasa la watu ishirini na wawili. Siku ya kupewa vyeti walipiga picha, wakaitundika ukutani. Lakini tangu picha itundikwe, wiki saba zilikuwa zimepita na kazi haijapatikana.

Jioni ile Mama alirudi na nakala zote nne.

"Wamesemaje?" Karani aliuliza.

"Wimbo uleule. Una uzoefu wa miaka mingapi? Nikisema ndiyo kwanza nimetoka chuoni, wanafunga faili. Sasa niupate wapi uzoefu, na kila mahali ninapokwenda kuutafuta wananiambia nije nikiwa nao?"

"Huo uzoefu unauzwa duka gani?" Bibi aliuliza. "Tukachukue hata robo kilo."

Mama alicheka. Kisha akainama kuvua viatu, akabaki ameinama vivyo hivyo kwa muda, kiatu kimoja mkononi, kama mtu aliyesahau alichokuwa akifanya. Karani alimtazama mpaka akashindwa, akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Wiki iliyofuata, kwenye geti la saiti moja kubwa karibu na shule, lilibandikwa tangazo. Pale lilikuwa linajengwa bweni la wanafunzi wa uuguzi, ghorofa nne. Walihitajika mafundi bomba wanne, wenye uzoefu wa miaka mitatu wakipewa kipaumbele. Karani ndiye aliyeliona. Alilinakili lote nyuma ya daftari la hesabu, akakimbia nalo nyumbani.

"Kipaumbele si lazima," Mama alisema baada ya kusoma mara mbili. "Tuandike."

Walikaa mezani. Mama alitamka, Karani akaandika kwenye karatasi ya majaribio kwanza. Walipofika katikati, Mama alisema, "Sasa weka hivi: Sina uzoefu wa kazi, ila nimehitimu mafunzo ya mwaka mmoja na niko tayari kufanyiwa majaribio."

Karani aliinua kalamu. "Mama, ni lazima tuseme hatuna?"

"Kwani tunao?"

Bibi aliguna. Mama akaenda jikoni kukanda unga, Karani akabaki na karatasi nyeupe safi ya kunakilia barua. Alianza vizuri. Lakini alipofika kwenye neno *Sina*, mkono ukasita. Alikumbuka nakala nne zilizorudi. Alikumbuka kiatu kimoja mkononi. Alikumbuka pia jinsi mwenzake wa dawati alivyomsimulia kuwa binamu yake aliandika kwamba ni dereva kabla hata hajashika usukani, na sasa anaendesha basi. Kila mtu hufanya hivyo, Karani alijiambia. Na kwani nabadilisha nini? Herufi moja tu.

Akaandika *Nina*, na baada ya herufi ile maneno mengine yakafuata kama tangazo lilivyotaka: *Nina uzoefu wa miaka mitatu, nimehitimu mafunzo ya mwaka mmoja na niko tayari kufanyiwa majaribio.*

Mama alitoka jikoni, unga umemjaa mpaka kwenye viwiko. Alipangusa vidole viwili, akachukua kalamu. "Nisaini wapi?"

"Hapa chini."

"Husomi?" Bibi aliuliza.

"Amenakili Karani, nisome nini?" Mama alisema, akatia sahihi.

Simu ilikuja siku ya Alhamisi. Mama aliongea kwa adabu, "Ndiyo mzee, Jumamosi saa tatu, nitafika mzee," kisha akaweka simu chini na kurusha mikono juu kama mtoto aliyefunga goli. Bibi alipiga kigelegele. Karani naye alitaka kuruka, lakini aliukumbuka mstari aliouandika.

"Jumamosi twende wote," Mama alimwambia, akimkumbatia. "Barua umeandika wewe. Bahati hii ni yetu sote."

Siku mbili zile Karani alikula kwa shida. Mara tatu alifungua kinywa kusema, na mara tatu Mama akamkatiza kwa furaha: anatafuta sindano ya kushonea ovaroli, anamuuliza kama viatu vitang'aa zaidi vikisuguliwa kwa kitambaa kikavu. Akajiambia labda barua haitasomwa tena. Labda watamtazama Mama akifanya kazi, basi.

Ofisi ya saiti ilikuwa chumba cha mabati kilichojaa michoro. Msimamizi alikuwa mwanamume mfupi mwenye mvi masikioni. Wafanyakazi walimwita Mzee Kipimo, maana futi ya chuma haikukosekana mfukoni mwake, na walisema hata mkate anaupima kabla ya kuuma. Aliwapa viti. Akafungua faili, akatoa barua ile, akaisoma polepole akifuatisha kwa kidole.

"Mwandiko mzuri," alisema. "Miaka mitatu. Ulifanyia saiti gani?"

"Samahani mzee?"

"Hiyo miaka mitatu. Uliifanyia wapi, chini ya fundi gani? Mafundi wa mji huu nawajua."

"Miaka mitatu ipi?"

Mzee Kipimo aliisukuma barua mezani. Mama akaisoma. Karani alimwona akifika katikati, akisimama, akirudi nyuma mstari mmoja, akisoma tena. Kisha Mama akageuza uso na kumtazama. Karani alihisi masikio yanawaka moto. Alitaka kusema "ni mimi," lakini akainamia viatu vyake.

"Mzee," Mama alisema, "hapa pana jambo lisilo kweli. Mimi sina miaka mitatu. Nimemaliza chuo miezi miwili iliyopita na sijaajiriwa popote."

"Nani aliyeandika?"

"Sahihi ni yangu. Kwa hiyo barua ni yangu."

Mzee Kipimo aliegemea kiti chake, kikalia. Nje, mtu alikuwa akigonga chuma kwa nyundo, ko, ko, ko.

"Mama, nikuambie kitu kuhusu kazi hii," alisema, bila ukali. "Fundi rangi akikosea, tunaona. Fundi mlango akikosea, mlango unakwama. Lakini bomba tunalizika ndani ya ukuta, tunapiga plasta, tunapaka rangi, tunaondoka. Aliyelifunga ndiye pekee anayejua alilifungaje. Sasa barua yako inaniambia hivi, na wewe unaniambia vile. Nikuachie uzike ukutani kazi ya ghorofa nne?"

"Nimekuelewa, mzee," Mama alisema. Akasimama, akaufunga mfuko wake. "Asante kwa muda wako."

Walitembea mitaa miwili. Mama alitangulia, mfuko wa ovaroli begani. Karani alimfuata akilia kwa ndani.

"Nilitaka kukusaidia," alisema hatimaye.

"Najua."

"Nilianza na herufi moja tu."

Mama alisimama. "Mwanangu, nimefagia ofisi za watu miaka kumi na mmoja. Nimeacha pochi mezani nilipozikuta, saa za dhahabu, simu. Hakuna aliyewahi kunisimamisha getini akanitazama kama mwizi. Leo nimetazamwa hivyo." Aliuhamishia mfuko bega la pili. "Nilipokuambia uandike sina, sikuona aibu. Kumbe wewe uliiona kwa niaba yangu."

Maneno yale yalimuuma Karani kuliko ambavyo kofi lingemuuma. Nyumbani Bibi aliwaona tu wakiingia, akaelewa, akaondoa sufuria mekoni bila kuuliza. Baadaye, wakati Mama amelala, alimwita mjukuu wake kibarazani na kusikiliza kisa chote.

"Umemwomba radhi mama yako?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na yule mzee? Yeye bado anajua mwongo ni mama yako. Uongo ni kama maji, mjukuu wangu. Hayakauki kwa kutazamwa. Nenda uzibe ulipotoboa."

Jumatatu, kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, Karani hakufuata njia ya nyumbani. Alikwenda kwenye geti la saiti. Mlinzi alimtazama sare yake ya shule, akauliza, "Wewe nawe unatafuta kazi?"

"Hapana, mjomba. Natafuta kusema ukweli."

Mlinzi alikuna kichwa. "Huo hapa hatujawahi kuletewa. Pita, msimamizi yuko ghorofa ya chini."

Mzee Kipimo alikuwa amechuchumaa bafuni mbele ya ukuta ambao haujapigwa plasta. Mabomba yalionekana yakipanda na kukata kona, na kwenye mdomo wa bomba moja palikuwa na kifaa cha duara chenye sindano kama ya saa. Hakugeuka. "Subiri," alisema. "Nimejaza maji kwa pampu mpaka presha imepanda. Sindano ikishuka, kuna mahali panavuja. Isiposhuka, tunaziba ukuta."

Karani alisubiri. Alisimama mpaka miguu ikafa ganzi, macho yake kwenye sindano. Haikutikisika. Mzee Kipimo akaandika kitu kwenye daftari lake, kisha ndipo akamgeukia. "Haya. Wewe ni yule wa Jumamosi."

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Ile barua niliandika mimi," Karani alisema haraka, kabla ujasiri haujamponyoka. "Mama alinitamkia niandike kuwa hana uzoefu. Mimi nikabadilisha. Alisaini bila kusoma kwa sababu ananiamini. Alikuwa ananiamini. Mimi ndiye niliyedanganya, si yeye."

"Amekutuma?"

"Hajui kama niko hapa."

Mzee Kipimo alichomoa futi mfukoni, akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. "Nimefurahi umekuja," alisema. "Nimemwondoa mama yako kwenye orodha ya waongo. Lakini sikiliza vizuri: hilo halimfanyi awe na uzoefu. Nafasi nne zimeshajaa. Na hata zisingejaa, siwezi kumpa ukuta mtu ambaye siijui mikono yake."

Karani aliinamisha kichwa. "Sasa mtu asiye na uzoefu ataanzia wapi, mzee? Kila mtu anasema njoo ukiwa nao."

"Swali zuri hilo," Mzee Kipimo alisema, kama vile alikuwa hajaulizwa kwa muda mrefu. "Mimi nilianzia kwa koki ya shangazi yangu. Mwambie mama yako asisubiri ghorofa. Afanye kazi ndogo, popote, hata koki moja. Kila kazi aiandike: nini kiliharibika, alifanya nini, na mwenye nyumba atie sahihi. Akiwa na daftari la namna hiyo, aje nilisome. Sikuahidi kitu kingine. Nimekuahidi kusoma."

Mama alipoambiwa, aliacha alichokuwa akifanya. Kisha akauliza, "Ulikwenda peke yako?"

"Ndiyo."

"Uliogopa?"

"Sana."

Mama akampangusa vumbi la saruji begani. "Lete daftari jipya," alisema.

Walianzia shuleni kwa Karani. Kulikuwa na safu ya koki sita uani, na kwa mwaka mzima tatu kati yake zilikuwa mapambo tu, huku moja ikidondosha maji mchana na usiku. Wanafunzi walisukumana kwenye mbili zilizobaki. Mwalimu mkuu alikubali baada ya kusoma cheti mbele na nyuma. Mama alivaa ovaroli yake, akafunga maji kwenye valvu kubwa, akaanza kufungua koki moja baada ya nyingine. Mapumziko yalipofika, wanafunzi walimzunguka kama waliokuja kutazama mchezo.

"Ni mama yako yule?" mwenzake wa dawati aliuliza.

"Ndiye," Karani alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Mipira ya ndani ya koki ilikuwa imelika. Mama aliibadilisha, akazungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi, akakaza. Maji yalipofunguliwa, koki zote sita ziliyamwaga kwa kishindo, na mtoto mmoja wa darasa la pili aliyekuwa amesimama karibu mno akalowa kuanzia kichwani. Alicheka kuliko wote. Mwalimu mkuu akatia sahihi ukurasa wa kwanza.

Baada ya hapo habari zilisambaa. Tangi la kinyozi lililofurika. Bomba la zahanati lililoziba kwa majani. Choo cha jirani yule yule aliyeuliza wapi na wapi, ambaye safari hii aliuliza tu, "Fundi, utakuja saa ngapi?" Kila jioni Mama alitamka, Karani aliandika. Hakuongeza hata koma.

Kisha ikaja kazi ya fundi cherehani. Sinki lake la jikoni lilikuwa linavuja chini, Mama akalitengeneza asubuhi moja, wakaagana vizuri. Siku ya tatu fundi cherehani alikuja mwenyewe, futi ya kitambaa bado ikining'inia shingoni.

"Mama Karani, umenitengenezea sinki au kisima? Mavazi ya harusi ya watu yamelowa!"

Mama hakubishana. Alichukua vifaa, akaenda, akalala chali chini ya sinki. Pete ya plastiki ndani ya kiungio ilikuwa imepasuka. Aliitoa, akaigeuza mkononi. Alikuwa ameikaza kwa nguvu zake zote siku ile, akiogopa isije ikavuja, na nguvu zile ndizo zilizoipasua. Aliweka mpya, akaikaza kwa mkono kisha robo mzunguko kwa spana. Alisaidia kufua na kuanika nguo zilizolowa, na kesho yake akarudi kukagua. Palikuwa pakavu.

Jioni Karani alikaa na daftari mbele yake na hakuandika kitu.

"Mama," alisema, "kazi hii tunaweza kuiruka? Tuna kumi na saba nyingine, zote nzuri. Mzee Kipimo akisoma kwamba ulipasua, daftari lote litaharibika."

Mama alikuwa akipanga spana zake kwenye kisanduku. Aliendelea kuzipanga, kubwa hadi ndogo. "Karani ni wewe," alisema. "Mimi nitasaini utakachoandika. Na safari hii nitasoma."

Karani aligeuza kurasa nyuma, akazitazama sahihi za watu: ya mwalimu mkuu iliyopinda, ya kinyozi iliyofanana na mkasi. Wale wote walikuwa wametia majina yao wakiamini kilichoandikwa juu yake. Akashika kalamu, akaandika: *Kazi ya kumi na nane. Sinki la jikoni. Niliikaza pete kupita kiasi, ikapasuka, maji yakalowesha nguo za mteja. Nilirudi nikabadilisha. Nilikagua siku ya pili, haivuji.* Fundi cherehani alipoletewa asaini, alisoma, akatazama juu ya miwani. "Mmeandika hata hili?" alisema. Akasaini, na chini ya sahihi akaongeza mwenyewe: *Alirudi bila kuitwa mara mbili.*

Ilikuwa mwezi wa tatu tangu siku ya barua walipokwenda tena saiti, na daftari lilikuwa na kazi thelathini na moja. Jengo lilikuwa limefika ghorofa ya nne. Mzee Kipimo alitimiza ahadi yake. Alisoma. Alisoma kila ukurasa, akilowesha kidole kugeuza, na Karani na mama yake wakakaa kwenye viti vilevile wakimtazama. Katikati alisimama. Karani alijua ni ukurasa gani kabla hajauona.

"Pete ilipasuka kwa nini?" aliuliza.

"Nilikaza kwa hofu, mzee," Mama alisema. "Siku hizi nakaza kwa kipimo."

Mzee Kipimo alilifunga daftari. "Mafundi wangu wawili wamehamia kazi nyingine. Nimepokea barua kumi na tisa. Zote zina watu wasiowahi kukosea, sijui wametoka nchi gani. Vaa ovaroli. Bafu la mwisho ghorofa ya pili, mabomba yako pale, mchoro uko ukutani."

Mama alifanya kazi mpaka mchana. Karani alikaa ngazini na kusikia msumeno ukikata, kisha kimya, kisha sauti ya chuma ikikaza na kuacha mapema, bila pupa. Mzee Kipimo alipokuja na pampu yake, alijaza maji, akapandisha presha, akafunga. Wote watatu walitazama sindano. Ikashuka kidogo, upana wa unywele.

Karani alishika mdomo. Lakini Mama alikuwa ameshapiga magoti, anapapasa kiungio kimoja baada ya kingine kwa vidole vikavu. "Hapa," alisema. "Kona ya tatu. Inatoa jasho." Hakungoja kuambiwa. Alitoa maji, akafungua kona ile, akazungusha tepu upya, akarudishia. Walijaza tena. Wakasubiri. Safari hii waliisubiri sindano saa nzima, na sindano ilisimama kama iliyopigiliwa msumari.

"Miezi mitatu utafanya chini ya fundi wangu mkubwa," Mzee Kipimo alisema. "Bado wewe ni mwanafunzi, usije ukajisahau. Baada ya hapo tutaona. Unaanza Jumatatu."

"Asante sana, mzee."

Mzee Kipimo alikwenda zake na pampu, tayari anamfokea mtu ghorofa ya juu. Mama alikaa chini kwenye sakafu ya saruji, mgongo ukutani, ovaroli imelowa magotini. Alimwita binti yake akae karibu.

"Mama," Karani alisema, "mimi siku ile niliona kama wanatudhulumu kwa kutuuliza uzoefu."

"Kuna siku hata mimi niliona hivyo. Na kweli mlango ni mgumu kwa anayeanza, mgumu mno." Mama alipangusa jasho kwa mkono wa ovaroli. "Lakini sikiliza, mwanangu. Mtu kuwa hajui bado si aibu. Ni mahali anapoanzia safari, na kila fundi unayemwona aliwahi kusimama hapo. Aibu ni kujifanya umefika wakati hujaondoka. Ungenipitisha mlango huu kwa uongo, leo ile kona ya tatu ingenikuta sijui pa kushika, na nisingethubutu kumuuliza mtu, maana ningekuwa mjuzi wa miaka mitatu. Sasa naweza kukosea nikasema nimekosea, na naweza kuuliza. Hivyo ndivyo watu wanavyojifunza kazi."

Karani aliegemeza kichwa chake begani kwa mama yake, pale palipo na vumbi zaidi. Kutoka juu, sauti ya Mzee Kipimo iliita, "Fundi! Huyo wa ghorofa ya pili! Njoo ushike upande huu!"

Mama alitazama huku na huku kuona anayeitwa. Kisha akacheka, akasimama, akachukua spana yake na kupanda ngazi.